Kidevu Ambacho Sikukiinua

Baba yangu alirudi nyumbani, mtaa wa Katuba, na harufu mbili, ya mafuta ya mashine na ya wanga unaopakwa nyuzi zisikatike ovyo. Pamba ilimnata kwenye nyusi, nasi tulimtania kwamba kazini kwake watu huzeeka asubuhi na kurudia ujana wakishanawa. Alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Kelele za mashine zilimla masikio pole pole, bila maumivu, hata siku moja mama akaangusha sufuria nyuma yake na yeye asigeuke. Aibu ya maiti aijuaye mwosha: kiziwi hakuruhusiwa kubaki kwenye mashine, kwa hiyo siri ile tuliifungia ndani. Tulizoea kusema naye kwa midomo bila sauti, kama wafumaji wanavyosemezana kazini. Mtu akimwita kutoka nyuma, mimi niliyekuwa mbele yake niliinua kidevu, naye akageuka kana kwamba amesikia mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na kazi hiyo niliichukia. Watoto wa jirani walituita familia ya samaki, kwa jinsi tulivyofumbua na kufumba vinywa kimya kimya.

Kiangazi kile, mwalimu wetu wa darasa la sita alitupeleka kutazama kiwanda. Mkuu wa ukumbi, ambaye wote walimwita shefu, alimchagua baba atueleze kazi, maana hakuna aliyeijua kumshinda. Asubuhi hiyo, juu ya kikombe cha uji, baba alinisemesha kwa midomo, akiniita mimi bintiye “mama” kama alivyozoea: “Leo usimame mbele yangu, mama. Usitoke.” Nikaitikia kwa kichwa. Tulipoingia ukumbini, sakafu ilitetemeka mpaka kwenye meno. Baba alipiga kelele kama wote walivyopiga, akatuonyesha nyuzi za mtande, mamia kwa mamia, zimevutwa kwa urefu wa mashine. Nusu zilipanda, nusu zilishuka, na katikati ukafunguka mlango mwembamba. Hapo mkono wa mti uliichapa naveti, kijiti chenye ncha za chuma kilichobeba uzi tumboni, ikaruka hadi upande wa pili kabla hujapepesa jicho. Kitana kikubwa kikausukuma uzi ule ukae mahali pake, nyuzi za juu zikashuka, za chini zikapanda, naveti ikarudi. Akainama kutuonyesha mota chini ya kila mashine na mkanda uliozungusha magurudumu. Alisema wazee waliomfundisha walikuta mhimili mmoja mrefu darini ukizungusha mashine zote pamoja, lakini sasa kila moja ilikula umeme wake. Uzi ukikatika, kibati kidogo kilianguka na mashine ikasimama yenyewe. Yeye aliweka kiganja kwenye chuma, akajua mashine gani inaumwa. Mcheza kwao hutunzwa, na wenzangu walimtazama kwa midomo wazi. Nilijivuna. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba nilijivuna kwanza.

Kisha umeme ukakatika. Mashine zilisimama zote kwa pamoja, naveti zikakwama katikati ya njia, na ukimya ukaingia ukumbini. Wafumaji wakaanza kuzungumza kwa sauti za kawaida. Baba alijua kwa miguu kwamba sakafu imetulia, lakini sauti yake mwenyewe hakuweza kuipima, akaendelea kutupigia makelele kuhusu mkanda na mota kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Msichana mmoja aliyekuwa kando yangu, ambaye nilitamani sana urafiki wake, akacheka akimnyooshea baba kidole. “Ule papa iko napika makelele juu ya nini?” Darasa zima likacheka. Nyuma ya baba, shefu akaita, “Ilunga!” Akaita tena. Baba aliona vicheko, akahisi kuna jambo, akanitazama. Hakuomba, alinitazama tu, kama alivyonitazama nyumbani kila siku. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua kidevu. Lakini ningekiinua, yule msichana angejua kwamba mpiga makelele yule ni wangu. Niliinamisha uso, nikajifanya kuhesabu nyuzi za mtande. Shefu alisogea, akapiga makofi karibu na kisogo cha baba, na baba hakugeuka. “Tangu siku gani huyu muntu hasikie?” shefu akawauliza wafumaji.

Wiki ile ile baba aliondolewa kwenye mashine, akapewa toroli la kusukuma marobota uani. Alikaa huko mpaka kiwanda kilipofungwa. Hakuniuliza neno, wala mama hakujua nilichofanya. Nami kwa miaka yote nilijifariji kwamba labda hakuona, labda alidhani sikumsikia shefu.

Leo ninaishi mtaa mwingine, Makomeno, na kitenge ninachovaa kimefumwa mbali, na mashine ambazo sitaziona. Umeme bado unakatika vilevile. Jumapili iliyopita tulikuwa uani kwa baba, Katuba, na jirani akapiga hodi nyuma yake. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye sikumfundisha kamwe, aliinua kidevu huku anatafuna karanga. Baba akageuka, akamkaribisha mgeni. Haikumgharimu mtoto yule chochote. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi niliyapokea kutoka kwa mjukuu mwenyewe. Mgeni alipoondoka nilikaa mbele ya baba, nikafungua kinywa bila sauti, nikaanza: “Papa, siku ile kiwandani...” Hakuniacha nimalize. Alijibu kwa midomo vilevile, pole pole, ili nisikose hata neno moja.

“Nilikuonaka, mama.”

Kisha akaniomba nimsogezee karanga.