Mchungaji wa Jumatano

Huja Jumatano, katumwa na shirika la makanisa kututembelea sisi wa kiwanda cha nguo hapa Nyakato. Hahubiri. Hupita mashine hadi mashine, anavua kofia, anakushika mkono kwa mikono yake miwili na kupaza sauti kushinda kelele: "Watoto hawajambo?" Lakini tangu mwekezaji aanze kupunguza watu, ofisi humwita awafariji wanaoachishwa kabla hawajapewa barua. Kwa hiyo akija siku nyingine tunamwogopa kuliko meneja.

Leo ni Jumatatu. Kampita Sabina wa mashine ya jirani bila kusimama, kaja mpaka kwangu, kofia keshavua.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

Ananyoosha mikono yote miwili. Yangu nimeificha mgongoni, kana kwamba nisipomshika, barua haitakuja.