Kengele Iliyovuta Lori la Babu

Juzi nilikwenda Bombambili kutafuta bawaba za geti, na kwa muuza vyuma chakavu nikakuta chuma cha kuvutia magari kimeegemezwa ukutani: miguu miwili iliyoungana kichwani, na hapo kichwani tundu la kupitisha pini. Nikakigonga kwa funguo zangu. Muuzaji akaniuliza, "Dada, unanunua au unapiga kengele?" Nilicheka, lakini hakujua kanigusa wapi.

Maana mimi, ndugu yangu, nilipokuwa darasa la tano kule Mpitimbi, ndiye niliyekuwa mpiga kengele wa shule. Kengele yetu ilikuwa chuma cha namna hiyo hiyo, kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mti wa mjohoro nyuma ya ofisi, na hakuna aliyekumbuka kilitoka wapi. Mguu wa kushoto ulikuwa na sauti nyembamba, huo wa kuingia darasani. Wa kulia ulikuwa na sauti nzito, wa kwenda nyumbani. Bibi alisonga ugali kwa kufuata mguu wa kulia, nami nikifika jikoni nakuta likolo, mboga ya majani ya maboga, limeshaungwa karanga, bado linatokota. Mtoto gani mwingine alikuwa akikiamrisha kijiji kizima kwa kipande cha chuma mkononi? Nilijivuna, nakiri.

Babu naye alikuwa na lori lake la zamani la jeshi, alilolinunua mnadani enzi za ujana wake. Lilibeba mahindi, likabeba kwaya ya parokia, likabeba misiba ya watu, hadi siku lilipozimika mjini likaachwa kwenye yadi ya mtu. Fundi wa kijijini alikubali kulitengeneza, mradi lifike nyumbani. Lakini mwenye yadi alishachoka. Alisema ikifika Alhamisi lori bado lipo, vijana wake wanashusha injini wauze.

Jirani yetu alikuwa tayari kulivuta kwa trekta lake. Shida ilikuwa breki, hazikuwepo kabisa. Ukilivuta kwa kamba, mteremko wa kwanza tu lori linampanda mwenye trekta mgongoni. Kilitakiwa chuma kigumu, chenye miguu miwili ya kufungwa kwenye masikio mawili ya bampa la mbele. Jumatatu Babu alizunguka gereji zote za mjini, kila mahali anaambiwa arudi kesho. Jioni akatuchorea kwa kijiti chini vumbini, karibu na jiko, ili tuelewe anachotafuta. Nilikitambua kabla hajamaliza kuchora mguu wa pili.

Sikusema. Nilikaa kimya Jumatatu ile, nikakaa kimya Jumanne na Jumatano. Babu akaenda hadi Lusewa, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Bibi akampa togwa, akanywa huku akijipangusa vumbi. Nilimwonea huruma, tena sana, lakini nilikuwa nawaza kengele yangu. Bila kile chuma ningekuwa mtoto tu wa darasa la tano, wa kuokota takataka asubuhi na wenzake.

Alhamisi jioni nilimkuta akizikunja karatasi za lori na kuzifunga kwenye kitambaa, polepole, kama nguo za marehemu. Nikashindwa. "Babu," nikasema, "kengele ya shule ndiyo hicho chuma."

Hakuuliza nimejua tangu lini. Alivaa viatu, akanishika mkono, tukaenda kwa mwalimu mkuu. "Mwalimu, naomba kengele yako," akasema. "Nitakupa ringi la lori, mtoto atagonga hilo." Mwalimu mkuu alinitazama, kisha akakubali.

Ijumaa tulikwenda wote yadini na trekta, nami nikaombewa ruhusa. Fundi alisugua kutu kwa tupa mpaka boliti zikapita, miguu ikakaa kwenye masikio sawasawa. Ilibaki kuunga kichwa na trekta, na pini hakuna. Nikampa kile kipande cha chuma nilichogongea kengele, kikaingia chote. Kumbe miaka yote tulikuwa tunakigonga chuma kwa pini yake mwenyewe! Tukapiga makofi.

Babu, kabla ya kupanda kushika usukani, akafungua boneti. Ndani palikuwa patupu. Vijana walikuwa wamemaliza kazi jana yake mchana. Akaifunga boneti taratibu. "Twende nalo hivyo hivyo," akasema.

Jumatatu iliyofuata nilipogonga ringi, akina mama wa ng'ambo ya mto walifika shuleni na kuni na unga, wakiuliza nani kafariki, maana kwetu ringi lilikuwa likigongwa kwa msiba tu. Babu aliposimuliwa alicheka mpaka machozi.

Lori halikunguruma tena. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva miaka na miaka, na baada ya Babu kufariki wajomba wakalikata, wakaliuza kwa kilo. Siku hizi shule ina kengele ya umeme, na kijijini kila mtu anaangalia saa kwenye simu yake.

Lakini kila mgeni aliyekuja kumwamkia, Babu alikuwa akinivuta mbele yake. "Huyu ndiye aliyelirudisha gari langu nyumbani. Bila huyu ningelikosa." Hata hospitalini, siku zake za mwisho, aliwaambia manesi hivyo hivyo. Wakanisifu. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, nikachota kijiko kingine, nikampa.