Kopo la Maji Juu ya Zulia

Namshukuru Mola aliyeyafanya maji kuwa tohara, akatupa na pua ili tusidanganywe na macho yetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetufundisha kujisafisha kabla ya kusimama kuswali. Baada ya hayo, nasimulia habari ya zulia la mwanangu.

Mwanangu ana nyumba Likombe, nami naishi kwake tangu baba yake afariki. Nakula vizuri, nalala vizuri, alhamdulillahi. Lakini sebuleni ametandika zulia nene la rangi ya maziwa, lenye sponji chini yake, ukuta hadi ukuta, utadhani Mtwara kuna theluji. Tena, kwa heshima ya kiyoyozi, madirisha yakawa yanafungwa mchana kutwa. Paka wa nyumbani, aliyezoea kutokea dirishani akafukie haja yake mchangani, akakosa njia. Akachagua kona ya nyuma ya kabati. Simlaumu. Alitafuta choo kwa adabu zake zote, hakukipata.

Ijumaa ile tulikuwa tusome hitima ya marehemu mume wangu. Ndugu zake wangekuja kutoka Kitaya, na baada ya dua tungeswali magharibi palepale juu ya zulia. Jumatano nikapita karibu na kabati, nikasimama.

"Mwanangu, hapa pana mkojo."

"Mbona hauonekani, Mama?"

"Nimekwambia nauona?"

Akaleta manukato ya kupuliza, kona ikanuka maua yaliyokojolewa. Mkewe akafukiza udi. Udi naupenda tangu usichana wangu, lakini siku ile niliuonea huruma kwa kazi uliyopewa. Moshi ulipotulia paka akarudi, akanusa, akaongeza palepale. Harufu ile kwake ilikuwa ruhusa.

"Huyu namtia kwenye gunia, nikamtupe Kilambo," mwanangu akafoka.

"Mtamtupa aliyekojoa, mbaki na mkojo? Baba yako asomewe dua juu yake, watu wasujudu juu yake?"

Alhamisi akatoka chooni na kopo la maji. Akalimimina pale konani, akajipangusa mikono.

"Tayari, Mama. Wewe mwenyewe ulitufundisha chuo cha Kurani: ukimimina maji juu ya mkojo, pametoharika."

Kweli nilimfundisha, yeye na wenzake, wakiwa wamekaa juu ya mchanga. Mchangani maji hushuka, yakaondoka na uchafu. Sponji huyanywa yote, maji na mkojo, ikakaa nayo. Tena nilifundisha kwamba uchafu wenyewe uondolewe kwanza, na harufu yake itoke. Siku ya darasa hilo, bila shaka, bwana mkubwa alikuwa kwenye mikorosho akila mabibo.

"Umebeba nusu ya darasa, baba. Nusu uliyoiacha ndiyo inayonuka."

"Lakini Mama, wale wa Kitaya hata zulia hawalijui."

"Mkojo wanaujua. Hebu kanyaga hapo."

Akakanyaga. Maji ya manjano yakapanda katikati ya vidole vyake. Nikamwacha avitazame. Subira ni ibada, na siku nyingine ina utamu wake.

Akaenda kuleta kisu mwenyewe. Alipolibandua zulia, tukaona sponji imeloa doa pana kama sinia la pilau. Tuliibandua tukaitupa. Zulia tukalitoa uani, nikalikamua kwa kanga kuukuu, nikalisugua kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha nikamwambia mwanangu alitundike kwenye ukuta wa ua na kulimwagia maji safi kutoka juu, mbele na nyuma, hadi yanayotiririka chini yasiwe na rangi wala harufu. Mkwe wangu akaisugua sakafu kwa sabuni, akaisuuza, akafungua madirisha. Yaliyobaki tukaliachia jua, ambalo Mungu ametupa bure wala halihitaji kufunga dirisha.

Ijumaa zulia lilikuwa bado bichi. Tukatandika mikeka juu ya saruji. Mdogo wa marehemu, alipoingia kutoka Kitaya, alilitazama pale ukutani.

"Shemeji, shikamoo. Mna mgonjwa? Naona mmeanika blanketi."

"Marahaba. Hatuna mgonjwa, shemeji. Muulize mwanao."

Mwanangu akajitia kupanga misahafu. Hitima ikasomwa, magharibi ikaswaliwa, nami nikaweka paji la uso juu ya mkeka pasipo shaka yoyote, nikamwombea mume wangu kwa moyo uliotulia. Nilipotoa salamu nilimwona paka akitokea dirishani kwenda mchangani.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu aitoharishe nyumba yako sakafu na nyoyo, azipokee sijida zako, na akujalie mtoto anayesikia, hata kama husikia kwa miguu.