Mashine Zangu za Masikio Katika Mchele wa Harusi

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Ndiyo, mimi ndiye yule mwanamke aliyekimbia vichochoroni Shela bila viatu, kichwa wazi, akipiga kelele za nyoka mbele ya wakwe, na nyoka mwenyewe hakuwapo.

Mnajua masikio yangu yalivyo. Harusi ya binti yangu mkubwa niliitazama tu, midomo ya watu inacheza na mimi natabasamu nisijue kinachosemwa, kisha usiku nikalia. Nilipozipata hizi mashine mbili za masikio, alhamdulillahi, nilizitunza kuliko dhahabu. Binti wa kliniki alinifunza kwamba unyevu huziua, na vibetri vyake vikiisha nisivitupe ovyo, niviweke koponi nimrudishie. Basi mimi nikalishika somo kumpita mwalimu! Betri siibadilishi mpaka ife kabisa (kwetu ukitupa kitu ufuoni, maji ya bamvua hukurudishia mlangoni), na vile vidonge vya kukaushia, ambavyo hutumika kidogo kisha huwa taka, nikavikataa, nikawa nazilaza mashine zangu ndani ya kopo la mchele mkavu. Nilijiona mjanja kweli.

Sasa, siku hiyo ya kelele za nyoka, kesho yake ndiyo nikaha ya Salma, binti yangu wa mwisho, na mimi nia yangu ilikuwa moja tu: baba yake akimuuliza kama ameridhia, nilisikie jibu lake kwa masikio yangu. Wanawake wa mtaani walikuja uani kuchagua mchele. Mimi nilikuwa nimetoka jasho jikoni, nikazipangusa mashine, nikazitia kwenye lile kopo la mchele haraka haraka bila kutoa betri. Mara wifi yangu Amina akanionyesha ungo wake mtupu. Gunia la pili lilikuwa bado halijaletwa, na mimi mwenye harusi nisemwe mchele haukutosha? Nikaenda jikoni, nikalibeba kopo kwa maringo, nikawagawia mmoja mmoja kwenye nyungo zao (mkono wangu mwenyewe, wala hakunituma mtu), kisha nikakaa, wakicheka nami nacheka.

Mashine hizi zikifunikwa hupiga mluzi. Wenzangu wakausikia mluzi unatoka mcheleni. Mimi, je, nausikia wapi? Niliona tu Bi Zuhura anarusha ungo, wengine wanaruka juu ya majamvi, vinywa wazi, nikajua ni nyoka, nikatoka mbio kuliko wote, nikapiga kona, na uso kwa uso na mama yake bwana harusi, amejitanda vizuri, nyuma yake vijana wamebeba masanduku ya bibi harusi. Nikamshika mabega nikampigia kelele, "Nyoka! Nyoka!" Vijana wakatua mizigo, wakaingia uani na fimbo, wakauzunguka ungo. Amina ndiye aliyepekua mchele, akanyanyua kitu kidogo kati ya vidole, akaligusa sikio lake kunionyesha.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Nikaivaa ile moja, nikasikia kicheko cha mtaa mzima. Lakini ya pili ilikuwa bado imepotea mcheleni, wala haipigi mluzi, kwa sababu ndiyo niliyoiachia betri ya zamani ili niimalize, na sikio la upande huo ndilo lenye nafuu. Hili jingine hata na mashine yake husikia kelele tu, maneno madogo hayashiki. Nikakaa chini nikalia mbele ya wakwe. Nikawaambia nilitaka kumsikia Salma akijibu, lakini basi wapike tu, mchele ni mwingi, haitapatikana.

Mkwe wangu, yule mama yake bwana harusi, akavua buibui, akakunja mikono ya nguo, akasema, "Hapiki mtu hapa. Bi Fatma kesho hatahadithiwa, atasikia mwenyewe. Nipeni ungo."

Wakaanza upya, wote, nyungo zote, punje kwa punje, na hakuna aliyenung'unika. Aliyeipata ni yeye, chini ya jamvi, pale Bi Zuhura aliporushia ungo wake. Akaipuliza vumbi, akaniwekea kiganjani. Mpaka leo nikimuombea dua huanza na mkono ule.

Mashine kwenye mchele sizitii tena, nimekoma. Majirani wananiletea vile vifuko vya punje za kukaushia vinavyokuja na viatu vipya, navianika juani navitumia tena na tena, na kopo langu la betri sasa ni la mtaa mzima, hata betri za saa wanaleta.

Basi kesho yake, siku ya nikaha, nilitia betri mpya pande zote mbili. Baba akaingia na mashahidi, akamuuliza binti yake, na Salma, kwa haya, akajibu kwa sauti ndogo ndani ya mtandio. Amina, mwenye masikio mazima, akaninong'oneza, "Amesemaje?"

Nikamwambia, "Amesema, ndiyo baba, nimeridhia."