Kabati la Funguo Mbili

Wagonjwa walimwita Dirisha, maana kwa miaka kumi na sita walikuwa wakimwona kuanzia kifuani kwenda juu tu, nyuma ya dirisha la dawa la hospitali. Ulimi wake haukuwa na mfupa. Aliweza kumkaripia mzee aliyeruka dozi mpaka foleni nzima icheke, mzee mwenyewe akiwemo.

Kaka yake, seremala, alianguka kutoka darini akaumia mgongo. Daktari alimwandikia tramadoli, dawa za kutuliza maumivu, za wiki mbili. Zilipoisha akaja dirishani bila cheti, amejikunja, akaomba za siku chache tu. Wakati huo tramadoli zilikaa kwenye rafu ya wazi, jirani na dawa za mafua, na Dirisha hakuona ubaya wa kumsitiri kaka yake. Akampa. Siku chache zikawa mwaka na nusu, kila Jumatatu, na kila mara ndugu huyo alipoongeza idadi, dada naye aliongeza bila kuuliza. Alijiambia mgongo ni mgongo.

Kisha ukaja waraka. Tramadoli zimepandishwa daraja: sasa ni dawa za kudhibitiwa, zikae kabatini pamoja na mofini. Kabati lifunguliwe kwa funguo za watu wawili, na kila kidonge kiandikwe daftarini kwa saini ya mtoaji na ya shahidi. Sababu ilikuwa mstari mmoja tu: huleta uraibu. Dirisha aliusoma amesimama, halafu akatafuta kiti.

Jumatatu iliyofuata kaka alifika akitokwa jasho, mikono ikitetemeka, miayo haimwishi. Alisema ni homa. Dada alizijua dalili zile. Aliwahi kuwaeleza ndugu za watu wengine bila kupepesa macho.

Mwenzake wa zamu, ili asiitwe kila mara, alikuwa amemwachia ufunguo wake na kutia saini ya shahidi kwenye mistari kumi mitupu. Ndivyo walivyofanya wote. Utaratibu huo ulikuwa na siku nne tu, na tayari kabati lilikuwa la mtu mmoja. Dirisha akalifungua. Akaandika tarehe, akaandika jina la kaka. Alipofika kwenye nafasi ya daktari aliyeandika dawa, kalamu ikagoma. Hakuwepo daktari. Alikuwepo yeye, tangu mwanzo.

Alifunga kabati, akatoka kwa mlango wa pembeni, akamshika kaka yake mkono, akampeleka kwa daktari.

"Mdogo wangu, usiniaibishe," kaka alisema kwa sauti ya chini.

Daktari aliuliza amekuwa akizipata wapi. Kaka akadakia kabla dada hajavuta pumzi.

"Mtaani. Huyu hajui lolote."

Na kwa siku anameza ngapi? Tatu, alisema kaka. Daktari akaeleza kwamba dawa ile haikatizwi ghafla, mtu anaweza kushikwa na degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kuanzia idadi anayoimeza kweli. Akaanza kuandika tatu.

Dirisha aliitazama kalamu ile. Angenyamaza, kazi yake ingebaki, na kaka yake angeanguka kwa degedege siku moja karakanani, msumeno ukiwa unazunguka. Na mtu huyu, ambaye dada mwenyewe ndiye aliyemharibu, sasa alikuwa akimkingia kifua, huku akitetemeka.

"Kumi," alisema. "Na si mtaani. Ni kwangu, pale dirishani."

Kaka akainamisha kichwa. Daktari aliikata ile tatu polepole, akaandika kumi, kisha akamwuliza Dirisha ana uhakika gani na idadi hiyo.

"Nilikuwa namhesabia mimi," alisema.