Mtani wa Mtaroni

Basi lilipoangukia mtaroni mbele ya nyumba yetu hapa Lusu, mama yangu, Eustadia, alifika wa kwanza na jembe, akavunja kioo. Sisi wanawe tukatoa abiria. Hakufa mtu, ila mzee mmoja alivunjika mguu, akawa analia kijiji kizima kinasikia.

"Baba, wewe kabila gani?" mama akamuuliza huku akimfunga mguu kwa khanga yake.

"Mzaramo."

"Kumbe mtani! Festo mwanangu, mrudishe huyu mtaroni!"

Abiria wakashika vichwa. Mzee akaacha kulia, akacheka mpaka akakohoa.

"Mnyamwezi wee! Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe mguu mmoja tu unakushinda?"

Wakatukanana hivyo mpaka gari la wagonjwa likaja. Linaondoka, namwona mzee kampakata jogoo wetu wa Pasaka, kamdaka sijui saa ngapi.

Na mama huyu, yai moja likipotea, majirani hawalali!

"Mama, jogoo!"

"Nyamaza. Kachukua mtani."

Pasaka tulikula maharage. Mama sasa anajiandaa kwenda Dar, kwao mzee, kumjulia hali mgonjwa. Kitanda atakachomkuta amekilalia, anasema, ndicho atakachorudi nacho.