Mlango Uliopimwa na Papa Milimita

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya useremala pale Kamembe, nikiwa na shahada ya ujenzi na suruali safi mno, niliomba metre, utepe wa kupimia. Shefu wa karakana akanipa utepe uliokatika mwanzoni. Namba zake zilianzia kumi.

"Nani aliuvunja?"

"Hakuna muntu aliuvunja. Papa Milimita aliukata na meno, kwenye kumi kabisa, akiwa anaongea na bantu. Hata hakuangalia."

Papa Milimita alikuwa fundi wa zamani ambaye hakuna aliyeweza kunionyesha nyumba yake wala kaburi lake. Eti alipopiga chafya, misumari ilimtoka mdomoni ikaingia ubaoni wima. Eti aliranda mbao, yaani kuzilainisha, kwa kuzikazia macho. Niliuliza nani aliyeshuhudia. Mafundi wakaniangalia kama nimetukana.

Kwa utepe ule, kila kipimo kilizidi sentimita kumi, na mafundi walipunguza kumi bila kufikiri. Nikachoka, nikanunua metre mpya na kuwatangazia wote.

Ndipo wezi wakavunja mlango wa duka la Maman Zuhura, muuza unga. Akawa analala juu ya magunia, akilinda mali. Nikapima uwazi wa mlango kwa metre mpya, nikamtajia Shefu urefu: mia mbili na kumi. Shefu akatoa kumi, akakata.

Tulipousimamisha mlango, kifaranga angepita chini yake bila kuinama.

"Shefu, nilikuambia metre ni mpya."

"Weye ulitaja namba. Namba ya huku inatolewaka kumi." Akaukuna mlango kwa kucha. "Papa Milimita angeuangalia tu, ungerefuka."

"Basi mumuite," akasema Maman Zuhura.

Shefu akaahidi kipande cha kuongezea, mbao zikipatikana.

"Muache hivyo. Leo nalala kwangu." Maman Zuhura akafunga kufuli, akaenda.

Haukupita muda nikaacha kazi, mstaafu mwenye umri wa miaka ishirini na saba. Sasa nafundisha hesabu, nikiamini kwamba jambo likionekana kwa macho, ubishi huisha.

Juzi nilikwenda kununua unga. Maman Zuhura alikuwa anamwonyesha mteja ule uwazi wa chini ya mlango.

"Papa Milimita mwenyewe aliupima. Paka anaingia kula panya, mwizi hapiti."

"Maman, mimi nilikuwa hapa siku ile."

"Najua, mwalimu," akasema kwa upole. "Ulikuwa unamushikia metre."